Kigeuze Kwanza: Fanicha za Mtumba na Vitu vya Kale katika Nyumba ya Kisasa

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, nanyi mliokuja na vitu vyenu mikononi, karibuni.

Hapa mezani pana kiti cha mbao. Kimesimama sawasawa, vanishi yake inang'aa, na aliyeketi nyuma ya ukumbi hawezi kukiona kasoro. Sasa nakigeuza, miguu juu. Mlio mbele sogeeni. Mguu wa nyuma wa kushoto unacheza kama milimita 3 kwenye tundu lake. Pembeni mwa tundu pana kichwa cha msumari uliopigiliwa na mtu aliyekuwa na haraka. Msumari huo umepasua ulimi wa mbao, ile ncha inayoingia tunduni, ndiyo maana mguu unacheza kuliko kabla haujapigiliwa. Na kwenye upau huu wa chini pana vitundu vitano vya duara, kila kimoja upana wa milimita 2 hivi. Habari zote za kiti hiki zilikuwa huku chini. Juu palikuwa na vanishi tu.

Mwenye haraka ya kuondoka aondoke na neno hili moja: kitu kilichokwisha tumika hununuliwa kwa upande usioonekana. Chini, nyuma, ndani ya droo, chini ya kitambaa. Upande wa mbele una kazi yake, nayo ni kupendeza, hiyo tutaifikia. Kizuri chajiuza, tunasema, lakini katika biashara ya mtumba kinachojiuza mara nyingi ni koti moja la vanishi lililopakwa jana yake. Mwenzangu hapa ataanza kukitia kiti hiki maji ya moto kwenye maungio wakati mimi naendelea kusema. Sababu yake mtaiona.

Tuanze kabla ya kutoka nyumbani. Pima. Kila mtu anapima ukuta atakaouegemeza kabati, na karibu kila mtu anasahau njia ya kulifikisha hapo: upana wa mlango bawaba zikiwa zimetolewa na zisipotolewa, kona ya korido, kimo cha lifti, mzunguko wa ngazi. Na pana kosa moja linalowapata hata mafundi. Kabati huingizwa likiwa limelazwa, kisha husimamishwa chumbani. Likiwa linainuka, sehemu inayogusa dari ni kona yake, kwa hiyo kimo cha kabati peke yake hakikupi jibu. Kabati la kimo cha sentimita 220 na kina cha sentimita 60 lina mshazari, yaani kona hadi kona, wa sentimita 228. Chumba chenye dari ya sentimita 225 kitalikataa, ingawa likishasimama lingebaki na nafasi ya sentimita 5 juu yake. Nyumba nyingi za kisasa zina dari fupi kuliko nyumba ambazo makabati hayo yalitengenezewa. Basi, kabla ya kulipa, uliza kama kabati linafunguka. Mengi ya zamani yalijengwa kwa vipande: taji la juu, mwili, na kitako, vikishikwa kwa kabari au skrubu chache. Geuza, uzitafute.

Meza na viti visivyozaliwa pamoja navyo vina hesabu yake. Meza ya kulia chakula huwa na kimo cha sentimita 72 hadi 76, kikalio cha kiti sentimita 43 hadi 47. Kinachoamua raha ni tofauti kati ya hivyo viwili: sentimita 28 hadi 30. Ikipungua hapo mapaja yanabanwa. Ikizidi, mlaji anakula mabega yakiwa juu kama mtoto. Kwa viti vyenye mikono, pima pia kutoka sakafuni hadi ubavu wa chini wa meza, yaani ule ubao unaozunguka chini ya uso wake, kwa sababu mkono wa kiti utagonga hapo. Ukinunua viti sita tofauti kwa meza moja, rangi na mitindo iachane itakavyo, ila vimo vya vikalio visiachane zaidi ya sentimita 2.

Sasa tuko mbele ya kitu chenyewe. Chukua tochi, tepu ya kupimia, sumaku ndogo, na kadi ngumu ya plastiki. Vuta droo, ule mtoto wa meza, uitoe yote. Tazama kona yake. Kiungo cha mkia wa njiwa kilichochongwa kwa mkono hakilingani: mikia michache, mmoja mwembamba, mwingine mpana, na alama ya mkwaruzo pale fundi alipopima. Kilichokatwa kwa mashine kinalingana kama meno ya kitana. Droo iliyounganishwa kwa pini na gundi tu, yenye kitako cha ubao mwembamba, itazibuka siku ikijazwa vitabu. Tazama skrubu. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ilianza kuenea miaka ya 1930. Basi mtu akikuambia kabati ni la mwaka 1880 na bawaba zake zimeshikwa kwa skrubu za msalaba, ama bawaba zilibadilishwa ama umri umebadilishwa. Tazama mgongo: ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao uliogandishwa, ulianza kutengenezwa viwandani miaka ya 1960. Kikombe au sahani yenye jina la nchi ilikotoka chini yake kwa kawaida ni ya baada ya 1891, kwa kuwa sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ndiyo iliyolazimisha bidhaa zinazoingia huko ziandikwe hivyo.

Simaanishi kwamba lazima ununue kitu cha umri mkubwa. Wauzaji huita antiki kitu chochote chenye vumbi. Kwa desturi ya biashara hiyo, antiki ni kilichopita miaka 100. Kwa nyumba ya kukaa watu, meza imara ya miaka 40 ina faida kuliko ya miaka 120 iliyoshikiliwa na misumari. Umri unakusaidia kujua imeungwaje, na hivyo itatengenezwaje.

Mfano ni kiti cha fundi seremala Michael Thonet, kiti namba 14, kilichotoka Vienna mwaka 1859. Kina vipande 6 vya mbao iliyokunjwa kwa mvuke, skrubu 10 na nati 2, basi. Vikifunguliwa, viti 36 viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo. Viliuzwa kwa mamilioni, na nakala zake bado zinazagaa kwenye masoko ya mitumba. Mtu akikuta kiti cha aina hiyo kinayumba, hukimbilia gundi. Hakihitaji gundi. Kinahitaji bisibisi, na pengine skrubu moja iliyopotea. Ukikimwagia gundi umekinyima sifa yake kuu, ya kufunguka na kukazwa upya.

Turudi kwenye vile vitundu vitano. Hivyo ni vya bungua. Watu huwa na namna mbili za kukosea hapa: wa kwanza anaona kitundu anatupa kabati zima, wa pili anakiziba kwa nta na kulipeleka chumbani. Kitundu ni mlango wa kutokea. Mdudu mzima ameshakwenda; swali ni kama mabuu wengine wamo ndani, nao huweza kula mbao kimyakimya miaka miwili hadi mitano kabla ya kutoka. Kitundu cha zamani kina ukingo uliofifia na ndani yake ni cheusi kwa uchafu. Kitundu kipya ni cheupe ndani kama mbao iliyokatwa sasa hivi, na chini yake pana unga laini. Gonga ubao kwa kipini cha bisibisi. Ukichuruzika unga wa rangi ya mbao mbichi, mna wenyeji. Kama huna hakika, kiweke kitu mbali na vingine, tandika karatasi nyeusi chini yake, bandika utepe wa karatasi juu ya vitundu, uache wiki sita, na uendelee kukikagua msimu wa joto, maana ndipo wanapotoka. Kiti hiki kimekaa juu ya karatasi hii wiki sita: safi. Na vitundu vyake ni vyeusi. Ni makovu ya zamani.

Wakiwamo, joto ndilo dawa ya uhakika. Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo inadai nyuzi joto 56 za Selsiasi katikati ya ubao kwa dakika 30 mfululizo. Katikati, nasisitiza. Kukianika kitu juani ndani ya plastiki nyeusi kunaweza kuupa uso joto hilo huku kiini kikiwa bado vuguvugu, na gundi ya vinia, ule utando mwembamba wa mbao uliobandikwa juu ya ubao, ikawa imeachia kabla bungua hajasikia lolote. Baridi nayo hufaa kwa vitu vidogo kama fremu, kijisanduku au kigoda: friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili, kitu kikiwa kimefungwa ndani ya plastiki isiyopitisha hewa. Ukikitoa, usifungue plastiki mpaka siku ya pili, la sivyo umande utakishukia na kuinua vanishi. Dawa za boraksi zinafanya kazi kwenye mbao tupu peke yake. Ukizipaka juu ya vanishi umeosha vanishi. Kuhusu mafuta ya taa yanayodungwa kwa sindano: yanaua mdudu yanayemgusa, yanamwacha aliye sentimita moja kando, na chumba kinanuka mwezi mzima huku kikingojea kiberiti.

Kunguni ni jambo jingine, na hapo sina huruma. Godoro la mtumba usinunue. Sofa na viti vyenye sponji, pitisha kadi ya plastiki kwenye kila mshono na kila mkunjo, tochi ikimulika. Mzima ana urefu wa milimita 5 hivi, yai lake milimita 1, jeupe. Kinachoonekana kwanza ni vitone vyeusi kama vya wino. Kisha geuza sofa na ubandue kile kitambaa chembamba kilichopigwa pini chini yake. Muuzaji akikukatalia, umepata jibu. Kunguni hujificha pia kwenye matundu ya skrubu ya kitanda cha mbao na nyuma ya fremu za picha, na anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kukiacha kitu stoo mwezi mmoja hakuthibitishi chochote. Mapazia na vitambaa vifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, au baada ya kukauka viingizwe kwenye mashine ya kukaushia kwa joto la juu dakika 30.

Harufu ya kabati la zamani haiondoki kwa manukato. Toa droo zote, zifyonze vumbi, zifute kwa kitambaa chenye maji na siki nusu kwa nusu, zikauke kivulini penye upepo. Harufu ikirudi, ujue imo ndani ya mbao tupu ya ndani ya droo, ambayo haikuwahi kupakwa kitu. Paka makoti mawili membamba ya shelaki, ile vanishi inayoyeyuka kwa spiriti, humo ndani. Hiyo huifungia harufu ndani ya mbao. Usipake mafuta, maana mafuta ndani ya droo iliyofungwa huganda polepole na kuchacha. Droo ikikwama, sugua mshumaa kwenye mbao inazoteleza juu yake. Ikiwa imekwama kwa sababu njia yake imelika, bandika kipande chembamba cha mbao ngumu pale palipolika. Mshumaa hauwezi kurudisha mbao.

Hapa lazima niseme neno kuhusu rangi, na watu wenye watoto wanisikilize. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi. Marekani ilizuia risasi kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978. Nchi nyingine zilifanya hivyo kwa miaka tofauti, baadhi kabla yake. Rangi nene ya mafuta iliyopasuka kama ngozi ya mamba ni ya kushukiwa, ingawa macho hayathibitishi. Viko vijiti vya kupimia vinavyobadilika rangi, na maabara ina hakika zaidi. Kinachodhuru zaidi ni vumbi. Kwa hiyo usipige msasa mkavu na usiichome kwa hewa ya moto. Kama rangi imeshika, ioshe, ilainishe kwa msasa wa maji ikiwa imelowa, futa tope kwa karatasi ya kutupa, kisha ifunike kwa rangi mpya. Kama inabanduka, mpe fundi mwenye vifaa, au kiache. Kitanda cha mtoto mchanga cha zamani kiache kabisa, hata kikiwa cha bure: nafasi kati ya vijiti isizidi sentimita 6, na vile vya ubavu unaoshuka vilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 2011 kwa sababu vilibana watoto. Vyombo vyenye rangi kali vya zamani vining'inizwe ukutani, visitumike kulia chakula wala kuhifadhi achari, kwa maana asidi hufyonza risasi kutoka kwenye mng'ao wake. Saa ya zamani yenye namba zilizokuwa ziking'aa gizani usiifungue kioo. Kabla ya miaka ya 1960 rangi hiyo mara nyingi ilikuwa na rediamu. Na pembe za ndovu au gamba la kasa, hata vikiwa vya babu wa babu, vina sheria kali za mipakani.

Taa. Napenda taa za zamani kuliko kitu kingine chochote cha mtumba, maana taa moja nzuri hubadili chumba kizima. Lakini unanunua umbo lake. Nyaya hesabu kwamba hazipo. Mpira wa waya wa zamani hukauka ukawa kama ganda la mkate na kukatika ukiukunja. Vuta waya mpya wa nyuzi tatu wenye unene wa milimita za mraba 0.75. Pale waya unapoingia kwenye mwili wa chuma weka kipete cha mpira, kwa sababu ukingo wa chuma ndio unaokata waya mwaka wa tatu. Kwenye holda ya kuzungusha, waya wa moto unaenda kwenye kile kipande cha katikati chini, nyutro kwenye ganda lenye skrubu. Ukivigeuza taa itawaka vilevile, nalo ndilo tatizo: haikuonyi. Siku ya kubadilisha balbu, kidole kinagusa ganda lenye moto. Waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, ufungwe kwenye mwili wa chuma. Kama huna mazoea ya umeme, mwachie fundi umeme. Balbu ya LED ya wati 8 au 9 inatoa mwanga wa ile ya zamani ya wati 60, kama lumeni 800, bila kuunguza kifuniko cha kitambaa. Chagua ya kelvini 2700, yenye mwanga wa manjano. Mwanga mweupe wa 6500 hufanya mbao ya kahawia ionekane kama kadibodi, na watu huilaumu mbao.

Mwenzangu amemaliza. Tazameni: matone machache ya maji ya moto, dakika kumi, na ile gundi iliyokuwa ngumu kama kioo sasa inanata kwenye kidole. Hiyo ni gundi ya ngozi, gundi ya viti vya zamani, nayo inayeyuka kwa maji. Gundi nyeupe ya kisasa haiyeyuki hivyo. Hukwanguliwa kwa patasi mpaka mbao tupu ionekane. Kwa vyovyote vile lazima itoke yote. Gundi hushika kwa kunywewa na nyuzi za mbao, na nyuzi zilizozibwa na gundi kavu hazinywi. Ndiyo maana kiti kilichomiminiwa gundi kwa nje hushika wiki mbili kisha kinaachia tena, na kila mara kinakuwa kibaya zaidi.

Utaratibu ni huu. Bandika vipande vya utepe wa karatasi kwenye kila kiungo, uandike namba pande zote mbili, kwa sababu miguu minne inayofanana haifanani. Ng'oa msumari kwanza. Gonga viungo kwa nyundo ya mpira viachane. Nyundo ya chuma huacha shimo. Safisha ulimi na tundu. Ulimi huu umepasuka, kwa hiyo tunaingiza gundi ndani ya ufa kwa kipande cha karatasi, tunaubana, tunaungoja ushike. Kisha jaribu kukiunga kikavu. Kama ulimi unapwaya, funga mzunguko mmoja wa chusio la randa, lile pande jembamba linalojikunja, uligandishe kwa gundi. Usijaze pengo kwa gundi tupu, haina nguvu ya kujaza. Sasa paka gundi nyembamba pande zote mbili, unga, na ubane. Huna klampu? Kamba imara mizunguko miwili na kijiti cha kusokota, basi. Pima mishazari miwili ya kikalio: ilingane. Simamisha kiti kwenye meza iliyonyooka, miguu yote minne iguse, kabla gundi haijaamua. Futa iliyovuja kwa kitambaa chenye unyevu, maana ikikaukia juu itakataa rangi yoyote utakayopaka. Usikaze kupita kiasi. Ukikamua gundi yote nje, kiungo kinabaki na njaa. Kamba ya kiti hiki tutaisokota dakika chache zijazo.

Kiungo kikishapona ndipo uso unapozungumziwa, na hapo nasihi: osha kabla ya kubandua. Vitu vingi vinavyoitwa vimechakaa ni vichafu tu. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha tapentaini kuondoa nta ya miaka. Ukishaona sura halisi, jua ni vanishi gani. Chukua pamba iliyochovywa spiriti, iguse mahali pasipoonekana kwa dakika moja. Ikinata, ni shelaki. Isipotikisika, jaribu thina. Ikilainika ni laka. Vyote viwili vikishindwa, ni vanishi ya mafuta au poliyurithini. Faida ya kujua ni hii: shelaki mpya huyeyuka na kuungana na ya zamani, hivyo huhitaji kubandua chochote, koti moja au mawili membamba yatosha. Poliyurithini haiungani, lazima uikwaruze kidogo kwa msasa namba 240 ili koti jipya lipate pa kushika.

Duara jeupe lililoachwa na kikombe ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi. Kitambaa safi cha pamba na pasi ya joto dogo, sekunde chache tu kila mguso, mara nyingi hulifuta. Duara jeusi limeshuka hadi kwenye mbao, na hapo hakuna njia ya mkato: ni kubandua na asidi ya oksaliki, glavu mkononi, kisha kuosha vizuri. Ama uliache. Mimi huwashauri wengi waliache.

Vinia ichunguzwe ukingoni. Kama mistari ya mbao juu haiendelei kwenye ukingo, una vinia, nayo ya kisasa ina unene wa milimita 0.6 hivi. Mashine ya msasa namba 80 inaipita kwa sekunde, na ukishaona doa la rangi tofauti limetokea katikati ya meza, kazi imeharibika bila dawa. Tumia mkono, namba 180 kwenda 240, kufuata nyuzi za mbao. Vinia iliyovimba hulia utupu ukiigonga kwa ukucha. Kama chini ni gundi ya ngozi, kitambaa chenye unyevu na pasi vitailainisha, kisha weka karatasi ya nta na mzigo juu yake usiku kucha.

Na matambara ya mafuta ya kitani, tafadhali. Mafuta hayo hutoa joto yanapokauka. Tambara lililofinyangwa na kutupwa kwenye pipa linaweza kujiwasha lenyewe saa chache baadaye. Yatandaze nje moja moja mpaka yakauke, au yazamishe kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Shaba nitaipita haraka. Sumaku ikinasa, ni chuma kilichopakwa, na ukikisugua utakifikia chuma. Isiponasa, ndimu na chumvi vinatosha, ila suuza na ukaushe papo hapo, la sivyo madoa ya waridi yatabaki.

Kuwamba kikalio ni kazi ya jioni moja. Kikalio cha sentimita 45 kwa 45 kinahitaji kitambaa cha 60 kwa 60 na sponji nzito, kilo 30 au zaidi kwa mita ya ujazo, maana ile nyepesi hulala chapati ndani ya mwaka. Piga pini moja katikati ya kila ubavu kwanza, kisha nenda kuelekea kona, ukivuta sawasawa. Anayeanzia kona hupata mikunjo isiyoondoka.

Sasa kupamba. Nyumba ya kisasa ina kuta nyeupe, mistari iliyonyooka na vitu vichache. Kitu cha kale hupendeza humo kwa sababu kinapata nafasi ya kutazamwa. Kimoja kikubwa kwa chumba. Makabati mawili ya kuchonga yakitazamana yanageuza sebule kuwa stoo ya wosia. Kwenye rangi za mbao, ogopa zinazokaribiana. Kahawia mbili zinazofanana kidogo huonekana kama ulijaribu kuzilinganisha ukashindwa. Mbao nyeusi kando ya mbao nyeupe huonekana kama ulichagua. Ukiwa na fremu ya shaba ukutani, irudie shaba mahali pengine pawili, mpini wa droo au shina la taa, ili isikae kama mgeni. Na tafadhali, msipake rangi ya chaki kila kitu kinachoingia mlangoni. Mkangazi na mtiki havikukosea lolote. Rangi wekea msonobari wenye mabaka au mbao za unga, makoti mawili membamba juu ya praima, na usipange vitu vizito juu yake kwa wiki tatu, maana kukauka kwa mkono si kukomaa.

Picha iweke kitovu chake sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Wengi huzitundika juu mno, karibu na dari, kama wanazificha. Kundi la fremu lipange sakafuni kwanza, nafasi ya sentimita 5 hadi 8 kati yake. Taa ya kuning'inia ikae sentimita 70 hadi 85 juu ya meza. Kati ya sofa na kijimeza chake acha sentimita 45, na njia ya kupita isipungue 75. Kioo cha zamani kibadilishe waya wa nyuma, kining'inie kwenye ndoano mbili zenye plagi za plastiki za kushikia skrubu ukutani, zinazobeba mara mbili ya uzito wake, na usikinyunyizie dawa ya kusafishia: hutiririka hadi ukingoni, hupenya nyuma, na kuula utando wa fedha. Unyunyizie kitambaa. Madoa meusi ya umri yaache, ndiyo uliyoyanunua. Na kabati lolote refu la droo lifungwe ukutani kwa bati la kona, kwa kuwa mengi ya zamani hayana kizuizi, na droo tatu zikivutwa pamoja huinuka na kuanguka.

Kamba imeshasokotwa, mishazari inalingana, miguu minne iko chini. Itafunguliwa baada ya saa moja, lakini kiti kisikaliwe mpaka kesho saa kama hii. Sasa tuone mlivyoleta. Bwana mwenye kijimeza cha duara pale, sogea nacho mbele. Usikisimamishe, kiweke miguu juu, na mtu atupe tochi.